Mahali pa Songoro

Tulipotoka kumzika Bi Zaina, vijana wawili wenye duka la baiskeli kule Engutoto walinifuata nyuma mpaka njia panda, wakaniamkia, wakasema wana swali moja kama sijachoka. Nilidhani wanataka kuuliza habari za mirathi. Kumbe walitaka siri. "Mzee," alisema yule mrefu, "wewe umefanya kazi naye tangu enzi za Mjerumani. Alianza na gari moja la ng'ombe, akamaliza na malori. Sisi tuna mafundi watatu tu na kila siku wanagombana. Yeye aliwezaje?" Nikawajibu yale ambayo mtu hujibu msibani, kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na Mungu alimjalia, nao wakashukuru kwa adabu wakaenda zao. Nilifika nyumbani Sekei, nikawekewa chakula, nikakitazama mpaka kikapoa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwajibu kichwani, nikikoga, nikivaa, nikingoja usingizi. Kila jibu naliona lina kasoro, naanza upya. Nikasema afadhali niandike, nione kama kwenye karatasi litatulia.

Kasoro ya kwanza imo katika swali lenyewe. Kila anayesimulia habari za Bi Zaina huanza na lile gari, kana kwamba kabla yake alikuwa amekaa tu akilingojea. Mimi niliingia kwake kabla ya gari. Niliona lilivyoingia uani, na niliona nani alitoka lilipoingia. Ni mwaka mmoja tu, ule mwaka reli ilipofika Moshi, lakini yote niliyojifunza juu ya kuongoza watu na juu ya mtu kupata kazi inayomtosha niliyaona ndani ya mwaka huo, na sehemu kubwa niliyaona yakivunjika.

Habari za kwetu naziacha, hazina kazi hapa. Yatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule ya serikali Tanga, kwamba wenzangu niliomaliza nao walikuwa wamekwisha kuwa makarani wa reli na wa forodha, na kwamba mimi peke yangu nilikubali kazi ya bara kwa mwenye duka ambaye sikuwa nimemwona, kwa sababu mfanyabiashara aliyekuwa akimpelekea bidhaa alisema anatafuta kijana wa kumwandikia. Njia nzima nilijiuliza kama nimekosea. Nilijiuliza kwenye treni, nikajiuliza kwa miguu baada ya treni kukoma, na asubuhi niliyouona mlima Meru kwa mara ya kwanza, umefunuka mpaka juu, nilijiuliza kwa sauti, mpagazi aliyekuwa mbele yangu akageuka akidhani nimemsemesha.

Nyumba ya Bi Zaina ilikuwa chini kidogo ya boma, kwenye ile mitaa ya watu wa pwani na watu wa bara waliosilimu njiani. Mbele duka, katikati chumba chake, nyuma ghala, halafu ua mkubwa wenye mafiga. Duka lilikuwa na giza, lenye harufu ya magadi na ngozi na kaniki mpya. Shanga zilining'inia ukutani kwa vishada, na wanawake wa Kiarusha waliokuja kununua walizilaza kwanza juu ya mkono, wakazitazama, wakazirudisha, wakachukua nyingine, hawana haraka. Nilisimama kwenye mlango wa uani na viatu vyangu vya Tanga. Ua ulikuwa tope tupu. Nikafikiri: nikivua, watasema karani gani huyu anatembea pekupeku, nisipovua, nitamchafulia mwajiri wangu sakafu siku ya kwanza. Nikavua kimoja. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Songoro kutoka kwenye mafiga. "Bibi, mgeni wako amefika. Nusu yake imekwisha kuingia, nusu bado inafikiri." Ua mzima ukacheka. Bi Zaina alitoka na mwiko mkononi, mwanamke mfupi, mweusi, mjane wa makamo aliyefunga kanga mbili kiunoni kwa sababu ya baridi, akanitazama miguu yote miwili. "Ingia na nusu zote, mwanangu," akasema. "Uji unapoa."

Siku hizo mzigo wote ulipanda kwa kichwa na bega. Wapagazi wa nyumba ile waligawanyika kambi kambi, na kambi maana yake chungu: watu waliopika chungu kimoja waliota moto mmoja, na mmoja akiugua njiani wenzake wa chungu waligawana mzigo wake bila kuambiwa. Hakuna aliyewapanga. Walichaguana wenyewe kama watu wanavyochaguana kuoana, na ugomvi wao pia ulikuwa wa namna hiyo. Mbele ya kambi zote alitangulia kirangozi, mtu wa kuongoza njia, na kirangozi wa nyumba ile alikuwa Songoro. Alikuwa Mnyamwezi, mrefu, mvi zimemwanza kwenye ndevu, na alijipenda kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alikuwa na kitambaa chekundu cha kujifunga kichwani alichokifua mwenyewe, hakumwamini mtu, na ngozi ya mbega ya mabegani, na barghumu, pembe aliyoipiga msafara ukikaribia mji ili watoto watoke kumtazama. Hiyo haikuwa mbwembwe tu. Sheria ya njia ilikuwa kwamba hakuna mtu anayepita mbele ya kirangozi, awe nani, na anayepita anatozwa kuku. Bi Zaina mwenyewe, alipokuwa akisafiri na marehemu mumewe, aliwahi kumpita Songoro kwa ajili ya kuwahi maji kwenye kijito, akatozwa, akalipa, na kambi nzima ikamla yule kuku mbele yake. Alipenda kusimulia jambo hilo. "Nilinyimwa hata paja," alikuwa akisema, na Songoro alikuwa akijibu kwa utulivu, "Mwenye kosa hali paja, Bibi. Tulikuachia shingo."

Vijana wangu wa baiskeli wangependa niwaeleze alivyowaongoza watu wale, na kweli kulikuwa na namna. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikula uani, leo chungu hiki, kesho kile, amekaa kwenye kigoda kama wao. Hakuwa akiwakagua. Alikula, akasikia nani amegombana na nani, nani mkewe amejifungua, nani anaficha kidonda cha mguu. Mara ya kwanza aliponichukua nikafikiri ni mtihani, nikala polepole sana, nikawa najiuliza kama nikikataa tonge la pili nitaonekana nina dharau au nikilikubali nitaonekana nina njaa, mpaka Songoro akalichukua lile tonge mkononi mwangu akalila. Siku moja nilipata habari kwamba mzigo wa mtu mmoja umefika umelowa na atakatwa ujira, nikaondoka niende kumwambia. Bi Zaina akanishika kanzu. "Habari mbaya ni yangu mimi," akasema. "Wewe peleka nzuri, ili wakikuona wasijifiche." Akaenda mwenyewe, akakaa chini karibu na yule mtu, wakaongea mpaka nikaona mabega ya yule mtu yameshuka. Na sikumsikia hata mara moja akimgombeza mtu mbele ya watu wa chungu chake.

Mimi nami alinishughulikia. Rafiki yangu wa Tanga alikuwa ameniletea salamu kwamba kwenye reli kuna nafasi, na kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu wa kusahau. Nilipima chumvi nikasahau nimepima. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia sijui kama kazi yangu ni kazi. Hakuudhika. "Ukirudi kwenu," akasema, "mtu akikuuliza unafanya kazi gani, utamwambia nini?" Nikamwambia nitasema mimi ni karani wa Bi Zaina wa Arusha. "Utasema hivyo unamtazama usoni, au unatazama chini?" Nikafikiri sana, naye akanisubiri, jambo ambalo watu wengi hawakulifanya. Nikasema, "Naona nitatazama upande." Alicheka mpaka akashika meza. "Basi bado. Siku utakayomtazama usoni ujue umepata kazi. Kwa sasa una shughuli tu." Halafu akanyoosha kidole uani, Songoro amekaa anapaka mafuta barghumu yake. "Yule mwulize. Hata ukimwamsha usingizini atakwambia yeye ni nani."

Aliyajua hayo, na hilo ndilo linaloniuma. Watu husema kiongozi hukosea kwa kutojua. Yeye alijua kuliko mtu yeyote, alinifundisha mimi, na bado akakosea.

Reli ilipofika Moshi safari za pwani zilikufa. Ikabaki njia ya Moshi na Arusha tu, na kwenye njia hiyo Makaburu na Wagiriki walikwisha kuleta magari yao ya ng'ombe, kila gari linabeba mizigo ambayo ingechukua msururu wa watu. Bi Zaina alizunguka wiki nzima akiulizia magari. Asubuhi moja alizunguka vyungu vyote, chungu baada ya chungu, akawaambia kwa mdomo wake kwamba atanunua gari la Kaburu mmoja anayehama, na kwamba hawezi kuwashika wote. Wengine walilia. Wengine walimwombea heri. Siku chache baadaye mafiga mengi yalikuwa yamepoa, nami nilikuwa nikitoka kwenda kuchota maji nawapita wale wanaofunga mikeka sijui nitazame wapi. Alibakiza chungu kimoja, cha Songoro.

Gari lilikuja limejaa vumbi, na maksai wake wakubwa wenye pembe pana, na uani hapakuwa na nafasi tena ya kitu kingine. Sasa ikawa kupanga watu. Mabruki, kijana wa chungu cha Songoro aliyewahi kuchunga, angeshika mjeledi. Wengine wangepakia na kupakua. Na Songoro? Gari la namna ile lina mtu anayetangulia mbele ya ng'ombe ameshika kamba iliyofungwa kwenye pembe za wale wa kwanza, awaongoze wasiache njia. Bi Zaina alipoelezwa hilo uso wake ulifunguka. Niliona. Nilikuwa nimesimama karibu naye. "Kumbe wana kirangozi," akasema. "Basi mahali pake papo. Songoro atatangulia, na hakuna atakayepita mbele yake." Songoro mwenyewe alifurahi. Alikuwa amekonda kwa siku zile za wasiwasi, na jioni ile alifua kitambaa chake chekundu. Sisi sote tulifurahi, maana sote tulikuwa watu wa msafara, na kwa mtu wa msafara mbele ni mbele. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kutazama magari ya wengine kwa makini akaona nani huwekwa mbele.

Nilikwenda nao safari ya kwanza, kwa ajili ya kusainia bidhaa stesheni. Ilikuwa safari nzuri kwenda. Songoro alivaa ngozi ya mbega, akashika kamba kwa mkono mmoja na barghumu kwa mwingine. Alipita Usa anaipiga, Wameru wakatoka kwenye migomba yao kutazama, na alipofika mtoni aliwasemesha wale ng'ombe kwa Kinyamwezi kana kwamba ni wapagazi wageni. "Hawa ni wazuri kuliko nyinyi," alimwambia Mabruki. "Hawaulizi tutakula lini." Mabruki alikuwa nyuma kabisa na mjeledi wake mrefu, uso mweupe kwa vumbi, anakohoa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gari nafikiri kwamba pengine nimepata kazi.

Kwenye uwanja wa stesheni Moshi magari mengine yalikuwa yamepanga foleni. Tukaingia, Songoro mbele, anapiga barghumu kama alivyozoea kuingia mji. Nikaona watu wanageuka. Nikaona pia, wakati huohuo, kile ambacho tungepaswa kukiona kabla: mbele ya kila gari, kwenye kila kamba, alisimama mtoto. Vitoto vya miaka kumi, vyenye kamasi. Waendeshaji wenye mijeledi walikuwa nyuma, ndio wakubwa, ndio waliosalimiwa na karani wa stesheni. Mmoja wao, kijana wa Kichaga mwenye kofia ya Mgiriki, alishuka akaja mpaka kwa Songoro akamzunguka taratibu, akamtazama kitambaa na ngozi. "Shikamoo babu," akasema kwa heshima zote. "Mjukuu wako ameugua? Mbona umemshikia kamba?"

Walicheka uwanja mzima. Hata wale watoto walicheka, na hao walikuwa na haki kuliko wote, maana ndio waliokuwa na kazi moja naye. Songoro hakuelewa mara moja. Alitabasamu, akiwa mtu wa utani, akafungua mdomo ajibu, maana hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa maneno. Halafu macho yake yakaenda kwenye gari la pili, kwenye mtoto, kwenye la tatu, kwenye mtoto. Akafunga mdomo. Na Mabruki, wa chungu chake, aliyekuwa amebebewa mzigo wake mara nyingi akiwa na homa, alicheka kidogo kule nyuma. Sidhani alikusudia. Kicheko kile kilimtoka kama kikohozi. Lakini Songoro aligeuka, akamtazama kwa urefu wote wa gari, juu ya migongo ya ng'ombe wote. Akaivua ngozi ya mbega, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mizigo.

Tulirudi Arusha. Alishika kamba njia nzima, hakuacha, hakukosea njia, na hakuna mtu aliyesikia sauti yake.

Ukuta wa chumba cha Bi Zaina ulikuwa wa fito na udongo, haukufika juu kwenye paa, na dawati langu lilikuwa upande wa pili. Asubuhi ya pili yake nilimsikia akimwita ndani. Ningeweza kutoka. Nilifikiri juu ya kutoka, na wakati nafikiri walikwisha kuanza.

"Nimesikia ya Moshi," alisema Bi Zaina.

"Mabruki ana mdomo mwepesi."

"Mabruki hajasema kitu. Wewe umenyamaza tangu jana, na wewe hunyamazi hata ukiwa na homa, ndipo nikawauliza wapakiaji." Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Wale ni watoto wa juzi, Songoro. Hawajui kirangozi ni nini."

"Ndiyo maana, Bibi. Hawajui."

"Basi shika mjeledi wewe. Mabruki atashika kamba."

"Nikae nyuma?" Hakupaza sauti. "Miaka yote watu wananiona mimi kwanza, halafu mzigo. Sasa waone pembe, waone miguu ya ng'ombe, waone gari, mwisho kabisa huko vumbini ndipo wamwone Songoro?"

"Kaa dukani. Kaa hapa na mimi."

"Nifanye nini?"

Nilikaa upande wangu wa ukuta nimeshika kalamu, natamani niingie na jibu. Nilikuwa nayo mengi, na kila moja niliona litakavyomuumiza. Mwishowe Songoro ndiye aliyesema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Hujanikosea, Bibi. Ulitafuta mahali pangu ukaniweka. Ila mahali penyewe pamekwisha."

Aliondoka siku hiyohiyo. Wenzake wa chungu walimaliza mwezi, halafu mmoja akaenda kwa Mgiriki, mmoja akaenda kwao, wengine sijui. Mabruki alibaki na mjeledi wake, akawa mwendeshaji mzuri sana, na hakucheka tena ovyo maisha yake yote. Bi Zaina alitafuta mtoto wa kushika kamba.

Hapa ndipo ningewaambia vijana wa Engutoto waache kuuliza alivyopata malori. Gari lile lilikuwa uamuzi sahihi. Bila lile nyumba ingefungwa, na hata huyo Songoro asingekuwa na mahali pa kuondoka. Nimeligeuza jambo hili miaka arobaini na sioni angefanya nini kingine, ila kitu kimoja: aliuliza habari za magurudumu, za malisho, za mito, za nani alimuuzia nani, na hakumuuliza Songoro. Alidhani anamjua, na kweli alimjua. Lakini kumjua mtu ni kitu kingine na kumuuliza ni kitu kingine, na wale tunaowajua sana ndio tunaosahau kuwauliza. Miaka mingi baadaye, malori yalipokuja, alianza mwaka mzima kabla. Alikaa na kila mwendeshaji wa ng'ombe peke yake, akamuuliza, "Mwakani watu wakikuuliza wewe nani, ungependa kuwaambia nini?" Wengine walijibu upuuzi, mmoja akasema anataka kuwa sultani, lakini aliwasikiliza wote, na karibu kila mtu alipata pa kusimama. Nikifundisha mtu yeyote biashara nitamfundisha hilo. Kabla hujaleta chombo kipya, tafuta kinakaa mahali pa nani, umwendee huyo kwanza, mkiwa wawili, kabla hujakilipia. Mafundi watatu wanaogombana, naapa, kila mmoja hajui yeye ni nani pale dukani. Ni ushauri mzuri. Ulinunuliwa kwa mtu mmoja, na huyo hakupata faida yake.

Baada ya mwezi hivi Muarusha mmoja aliyeleta mbuzi alisema kuna Mnyamwezi mwenye kitambaa chekundu kwenye shamba la Kaburu huko Oldonyo Sambu. Bi Zaina alimaliza kupatana bei ya mbuzi kwanza. Halafu akaniita chumbani. "Nenda kamwambie arudi," akasema. "Usimwambie nimesema tafadhali." Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. "Mwambie." Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akatazama mikono yake. "Habari nzuri unapeleka wewe," akasema. "Hii si nzuri?"

Oldonyo Sambu ni upande mwingine wa mlima, na ni kama nchi nyingine. Upande wetu kuna migomba na mifereji na ukungu. Kule kuna upepo na vumbi na miiba, na Meru yenyewe ukiitazama kutoka huko huijui. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta amekaa nyuma ya jiwe kujikinga na upepo, saa ya chakula. Kazi yake ilikuwa kutoa mawe shambani. Vibarua wengine walikuwa vijana wa Kiarusha, wamekaa pamoja mbali kidogo wanakunywa maziwa, wanaongea Kimaa na kucheka, wala si kwa ubaya. Yeye alikuwa na ugali wa baridi kwenye kopo. Nilimwamkia. Akasogea nikae. Akakata ugali katikati akanipa nusu, nami kwa mara ya kwanza sikufikiri kitu, nikaupokea nikala.

"Bi Zaina anasema rudi," nikamwambia. "Amesema tafadhali."

Alitabasamu. "Amesema hivyo?"

"Mara ya pili. Mara ya kwanza alikataza."

"Huyo ndiye mwenyewe." Akafuta mikono kwenye magoti. Mikono ilikuwa imepasuka kwa mawe. "Nirudi niwe nani, Karani?"

"Uwe Songoro tu," nikasema.

"Songoro tu ndiye huyu unayemwona."

Nilimwambia mengine. Nilimwambia uji wa asubuhi umekuwa kimya, kwamba Bi Zaina anakula haraka anaondoka, kwamba Mabruki anamuulizia. Alisikiliza yote kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa watu wengine, akaniuliza kama maksai wa kushoto bado anachechemea. Nikasema anachechemea. Akanieleza cha kumfanyia. Kisha akasimama anisindikize, maana mgeni husindikizwa. Tulipofika njiani, kijinjia chembamba kati ya miiba, nilisimama kando ili apite, kama tulivyozoea wote. Hakupita. Nikamsubiri. "Tangulia," akasema.

"Siwezi, Baba Songoro."

"Tangulia. Mwenye safari ni wewe."

Nikatangulia. Nilimsikia nyuma yangu, nyayo zake, na pumzi, kwa kitambo. Halafu nikasikia nyayo zangu tu. Sikugeuka. Sikumwona tena. Vita ilipokuja baadaye walichukuliwa watu wengi wenye mabega mazuri wabebe mizigo ya jeshi, kutoka mashambani hasa, na wengi hawakurudi. Nimeulizia kwa kila mtu aliyerudi.

Nilifika Arusha mchana wa siku ya pili. Bi Zaina alikuwa dukani, mbele yake wanawake wa Kiarusha wanachagua kaniki. Alinitazama kabla sijavuka kizingiti, na nikaona amekwisha kujua. Akaendelea kukunjua kitambaa.

"Hakuja," akasema.

"Hakuja."

"Mzima?"

"Mzima. Anakusalimu." Hakuwa amemsalimu. Nadhani alisahau, au nadhani haikuwa na haja. Nimelifikiri hilo pia.

Akaweka kitambaa juu ya meza. Akazunguka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango mchana kweupe, kitu ambacho tangu nifike hakuwahi kukifanya, hata alipopatwa na homa. Ukuta ule, kama nilivyosema, haukufika juu. Tulikuwa tumesimama pale, mimi na wanawake wale, tunamsikia. Nilitaka kwenda mlangoni. Nilitaka kuwaomba wateja watoke. Nilitaka kufanya vyote viwili na nisifanye hata kimoja. Mwanamke mmoja mzee, masikio yake yamejaa shanga, aliniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama huyu, nani kafa kwake?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

Alinitazama sana, halafu akautazama ule mlango. Akakivuta kitambaa kilichoachwa mezani akakisukuma upande wangu.

"Basi mwache alie," akasema. "Wewe pima."

Nikapima.